Usalama wa Urani Si Siri ya Wataalamu



Limezoeleka katika nchi yetu neno moja ambalo husemwa kwa upole, lakini kazi yake ni kufunga vinywa: "Mambo hayo ni ya kitaalamu, waachieni wataalamu." Mkulima akiuliza habari za dawa anayonyunyizia shambani, huambiwa hivyo. Mama akiuliza kwa nini maji ya kisima yamebadilika ladha, huambiwa hivyo. Na wananchi wanapouliza habari za madini ya urani yaliyomo katika ardhi ya mkoa wetu wa Singida, jibu ni lile lile. Sisi wa Haki na Amani tunalikataa jibu hilo, na tunalikataa kwa ushahidi wa wataalamu wenyewe, kwani historia ya nyuklia inaonyesha kwamba maafa yake makubwa yalitokea mahali ambapo elimu ilikuwapo, ila ilikaliwa na wachache.

Wengine watauliza: Nduguti na urani wapi na wapi? Hapa Mkalama tunalima alizeti, vitunguu na uwele. Lakini Manyoni ni mkoa huu huu, na Bahi ni jirani yake. Wajerumani walitafiti urani nchini mwetu mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Miaka ya 2000 ikaja kampuni ya Uranex kutoka Australia, ikapima mbuga za Manyoni na Bahi. Baada ya ajali ya Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011, bei ya urani ilianguka, na kampuni hiyo ikageukia madini ya kinywe kule Ruangwa. Watu wakadhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Mwanzoni mwa mwaka 2024 bei ilipanda kupita dola 100 kwa ratili, na mwaka huo huo kampuni nyingine ya Australia ikarejea Manyoni. Kule Namtumbo, Ruvuma, mradi wa Mto Mkuju ulipewa nafasi yake mwaka 2012, pale Kamati ya Urithi wa Dunia ilipokubali kumega takriban kilomita za mraba 200 za Pori la Akiba la Selous. Na tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani, pamoja na wakuu wa shirika la Rosatom la Urusi. Vijana wetu hufuata machimbo popote yanapofunguliwa, kama babu zao walivyofuata dhahabu ya Sekenke iliyoanza kuchimbwa na Wajerumani mwaka 1909. Machimbo ya urani yakifunguliwa, watakwenda. Je, watakwenda wakijua nini?

Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, vali moja ilikwama ikiwa wazi na maji ya kupoozea yakawa yanatoka, huku taa katika chumba cha kuongozea mitambo ikionyesha kana kwamba imefungwa. Waliokuwa zamu walidhani maji ni mengi mno, wakapunguza hata yale ya dharura, na karibu nusu ya fueli ya kinu ikayeyuka. Basi sikieni jambo la kusikitisha. Miezi 18 kabla ya hapo, tarehe 24 Septemba 1977, vali ya namna hiyo hiyo ilikwama vivyo hivyo katika kituo cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, na wafanyakazi wa huko walifanya kosa lile lile. Bahati yao kinu kilikuwa kikienda kwa nguvu ndogo. Mapema mwaka 1978 mhandisi mmoja wa kampuni iliyounda vinu vyote viwili aliandika kwamba waendeshaji wapewe maelekezo mapya. Karatasi yake ilitoka meza hii ikaenda meza ile, na haikufika Three Mile Island.

Kule Chernobyl, Ukraine, tarehe 26 Aprili 1986, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Fito za kuzimia kinu zilikuwa na kasoro: katika hali fulani, zilipoanza kushuka, ziliongeza nguvu kwa kitambo badala ya kuipunguza. Kasoro hiyo ilikwisha kuonekana mwaka 1983 katika kituo cha Ignalina, Lithuania. Wabunifu walijua. Walioshika zamu Chernobyl usiku ule hawakuelezwa sawasawa, na baada ya ajali wao ndio waliobebeshwa mzigo wote wa lawama, hadi mwaka 1992 washauri wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, kule Vienna, walipotoa taarifa mpya iliyokiri makosa ya ubunifu na ya kutopashana habari. Wananchi wa mji wa Pripyat, wapatao 49,000, walihamishwa baada ya saa 36 hivi. Na dunia ilijua kwa sababu tarehe 28 Aprili mionzi ilikutwa kwenye viatu vya wafanyakazi wa kituo cha Forsmark, Sweden. Mwenye ajali alikuwa bado amenyamaza.

Tunawapa wataalamu haki yao: walijifunza. Baada ya Three Mile Island, wenye vituo wa Marekani waliunda mwaka huo huo wa 1979 taasisi yao ya kukaguana na kuelezana makosa. Baada ya Chernobyl, wenye vituo wa dunia nzima, wa Mashariki na wa Magharibi, walikutana Moscow mwaka 1989 wakaunda chama cha namna hiyo, wakati ukuta wa Berlin ulikuwa bado umesimama. Mwaka 1994 ukafuata Mkataba wa Usalama wa Nyuklia, ambao unazitaka nchi zenye vituo kuandika taarifa na kuziweka mbele ya wenzao zihojiwe. Makampuni yanayoshindana sokoni yamekubali kufunuliana aibu zao, kwa kuwa yanajua kwamba ajali ya mmoja ni hasara ya wote. Ni mfano mwema, na tungependa baadhi ya vyama vyetu vya ushirika viuige.

Lakini tazameni mahali ukarimu huo unapoishia. Unaishia getini. Fundi humweleza fundi, mhandisi humweleza mhandisi, na anayekaa nje ya uzio anabaki na lile neno lake: waachieni wataalamu.

Wako watu walioonja uchungu huo kuliko wote, nao hawakuwa jirani wa kinu bali wachimbaji. Wanavajo ni wenyeji wa asili wa Marekani. Tangu miaka ya 1940 wanaume wao waliingia mashimoni kuchimba urani ya kutengenezea mabomu. Urani ardhini hutoa gesi iitwayo radoni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikivutwa siku kwa siku katika shimo lisilo na hewa ya kutosha hudhuru mapafu hata kuleta saratani. Huko Ulaya habari hiyo ilikwisha kujulikana kutokana na migodi ya zamani. Mwaka 1950 wataalamu wa afya wa serikali ya Marekani walianza kuwachunguza wachimbaji hao. Waliwapima, wakaandika, wakahesabu, na hawakuwaeleza hatari iliyokuwa inawakabili. Lugha ya Kinavajo haikuwa hata na neno la mionzi. Wajane wakaongezeka, na sheria ya fidia ikapitishwa mwaka 1990, miaka 40 baadaye. Ndugu zetu, huo ndio utaalamu usio na haki: kumhesabu mtu anavyokufa na kumficha kinachomuua.

Na tukizungumza habari za Wanavajo, tukumbuke pia kwamba tarehe 16 Julai 1979, miezi isiyofika minne baada ya Three Mile Island, bwawa la mabaki ya urani lilipasuka Church Rock, New Mexico, tope na maji yenye mionzi yakaingia katika mto Puerco ambamo watu hao walinywesha mifugo yao. Three Mile Island inajulikana duniani kote. Church Rock wangapi wameisikia? Ajali inayowapata wafugaji maskini haipewi kichwa kikubwa cha habari.

Mabaki hayo yanatuhusu sana. Urani ikiisha kutolewa katika mawe, yanayobaki bado yana kiasi cha asilimia 85 ya mionzi yote iliyokuwamo, maana radiamu na ndugu zake hawachukuliwi na mnunuzi. Nguvu ya radiamu hupungua nusu baada ya miaka 1,600. Kampuni yenye leseni ya miaka ishirini au thelathini inaacha nyuma yake kitu cha kulindwa na vizazi ambavyo majina yao hatuyajui. Ni nani atakayelinda? Kwa fedha zipi? Maswali haya hayahitaji shahada.

Kuna wanaosema kwamba wananchi hawawezi kuelewa. Sisi tunasema kwamba mara nyingi wataalamu hawajajaribu kueleweka. Mnaijua ile alama ya manjano yenye mabawa matatu meusi, iwekwayo mlangoni mwa chumba cha eksirei? Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa onyo la dunia nzima. Kisha, mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia, Brazili, waokotaji wa vyuma chakavu walichukua mashine ya kutibia saratani iliyoachwa katika jengo bovu, wakaiuza kwa mfanyabiashara wa vyuma. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa rangi ya buluu gizani. Watu waliupenda, wakagawiana kama zawadi, wakajipaka mwilini. Watu wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka sita. 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na watu zaidi ya 112,000 walipaswa kupimwa. Wauaji wao walikuwa ujinga waliofanywa waishi nao na uzembe wa wenye mashine.

Wataalamu wa Vienna walijaribu alama mpya kwa watu wa kawaida katika nchi 11, Kenya ikiwamo, na mwaka 2007 wakaitoa: nyekundu, yenye fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Walikiri kwamba alama ya zamani haimwambii kitu mtu asiyeisomea. Hapa kwetu wanunuzi wa vyuma chakavu hupita kijiji kwa kijiji na baiskeli na mizani. Tungefurahi kusikia kwamba hata mmoja wao ameonyeshwa alama hiyo nyekundu.

Hata elimu inayozaliwa na Watanzania huhamia ughaibuni. Mwaka 2000 wataalamu wetu wa mionzi walichapisha utafiti juu ya machimbo ya fosfeti ya Minjingu, mkoa jirani, wakaonyesha kwamba mawe ya pale yana mionzi ya asili kupita kiwango cha kawaida. Ni kazi njema, na tunaiheshimu. Ilichapishwa kwa Kiingereza, katika jarida la Uingereza. Mchimbaji wa Minjingu angeisomea wapi?

Sheria zenyewe hatuna haja ya kuzililia, zipo. Nchi yetu ni mwanachama wa Shirika la Vienna tangu mwaka 1976. Ilikuwa na sheria ya kujikinga na mionzi mwaka 1983, na Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 ndiyo iliyoipa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania mamlaka yake. Viwango vinavyokubaliwa kimataifa vinasema kwamba mfanyakazi asipate zaidi ya milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, na mwananchi wa kawaida asiongezewe zaidi ya milisiveti moja juu ya ile anayopata kwa asili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka wananchi washirikishwe katika tathmini ya athari za mradi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa mamlaka na kujibiwa ndani ya siku 30. Na mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Hivyo basi, kwa nini taarifa ya tathmini ya mradi, kitabu kizima cha mamia ya kurasa, iletwe kijijini kwa Kiingereza, isomwe muhtasari wa dakika kumi chini ya mbuyu, kisha watu waandikwe majina kwamba "wameshirikishwa"? Kutia sahihi karatasi ya mahudhurio si kushirikishwa. La hasha!

Tunaomba mkazo mkubwa uwekwe juu ya jambo moja ambalo likipotea halirudi: kipimo cha awali. Urani ya Manyoni na Bahi iko karibu na uso wa ardhi, katika mbuga zinazojaa maji wakati wa masika, ambamo watu hulima mpunga na kunywesha ng'ombe. Maana yake ni kwamba hata kabla ya kampuni yoyote kufika, baadhi ya visima huenda vina urani kidogo kwa asili yake. Kama maji ya kila kisima, udongo wa kila mbuga na hewa ya nyumba hazikupimwa na kuandikwa leo, basi baada ya miaka kumi mama akilalamika juu ya kisima chake, kampuni itamjibu kwamba ndivyo kilivyokuwa tangu enzi. Naye hatakuwa na karatasi ya kumpinga nayo. Ni sawa na mtu anayekodisha shamba lake bila kuhesabu miti. Kwa hiyo vipimo vya awali vifanywe na Tume ya Atomiki, kwa sababu kampuni haiwezi kuwa shahidi wa kesi yake yenyewe; na matokeo yabandikwe ubaoni penye ofisi ya kijiji, kisima kwa kisima, kwa Kiswahili, pamoja na kiwango kinachoruhusiwa pembeni yake ili kila ajuaye kusoma alinganishe.

Wapo watakaosema kwamba tunatia watu hofu na kufukuza wawekezaji. Hofu tunaiogopa kuliko wao. Tumesikia wanaosema kwamba urani ikiguswa tu mkoa mzima utakufa. Huo ni uongo, na uongo hauwi mtakatifu kwa kuwa umesemwa kwa ajili ya maskini. Mionzi hiyo hiyo hutumika kutibu saratani Ocean Road, na katika hospitali ya Bugando ambayo ni ya maaskofu wetu. Tena Kanisa lisijifanye geni katika mambo haya: kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa mwaka 1959 katika Chuo Kikuu Katoliki cha Lovanium, Kinshasa ya leo, na mkuu wa chuo, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padre na mwanafizikia. Kinu hicho pia kina fundisho lake, maana fito mbili za fueli zilipotea pale kwa wizi, na moja ilikutwa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Kujenga ni rahisi kuliko kulinda.

Wapo pia wanaotaja siri ya biashara. Bei ya mauzo iwe siri kama sheria inaruhusu. Lakini kiasi cha radoni anachovuta kijana wa Mkalama si mali ya kampuni. Kila mchimbaji avae kifaa cha kupimia mionzi, na hesabu yake apewe yeye mwenyewe kwa maandishi, aondoke nayo mkataba unapokwisha. Bila karatasi hiyo, akiugua baada ya miaka ishirini atadai kwa kitu gani?

Neno letu kwa halmashauri za walei na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ni hili. Msingoje tangazo. Mkutano Mkuu wa Kijiji hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na mkazi yeyote mwenye miaka 18 ana sauti ndani yake, awe Mkatoliki, Mlutheri, Mwislamu au mfuasi wa mila. Walimu wa fizikia wa sekondari zetu waombwe kufundisha jioni moja tu, mionzi ni nini na haiwi nini. Wakisaidiana na wazee, watafute maneno ya Kinyiramba na Kinyisanzu ya kuielezea, yasitukute ya Wanavajo. Wauguzi wa zahanati wajue dalili, na wamwulize mgonjwa wa kifua kama amewahi kufanya kazi mgodini. Wanunuzi wa vyuma chakavu waonyeshwe alama zote mbili. Parokia zetu zenye ndugu huko Manyoni ziwasiliane nao, ili tunachojifunza sisi kiwafikie na wanachokiona wao kitufikie, kama wenye vinu wanavyofanya kati yao.

Kisha iandikwe barua moja kwa Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa kutumia sheria ya mwaka 2016, kuomba vipimo vyote vya mionzi ya maji na udongo vilivyokwisha kufanywa katika Mkoa wa Singida, na majina ya maeneo yote yenye leseni za utafiti wa urani. Isiwe ya matusi wala ya kubembeleza. Iwe na tarehe, muhuri wa kijiji na sahihi za wajumbe, iandikwe kwa Kiswahili na iombe majibu ya Kiswahili. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, nyingine parokiani, na katibu azihesabu zile siku 30.